Mzingo Wenye x

Jumanne. Ukungu umeshuka mpaka kwenye migomba, na baridi ya Mbinga inapenya sweta. Nakaa, nasimama, nakaa tena. Situlii.

Huu ni muhula wangu wa kwanza tangu nirudi shule. Niliacha nilipopata mimba ya Neema, na sasa nasoma na watoto wanaoniita "mama mtoto" wakidhani sisikii. Leo Neema aliamka na joto kidogo, nikamwacha na mama yangu. Darasani nilikuwepo mwili tu.

Mwalimu wa hisabati akachora mstatili: upana x, urefu 2x + 3.

"Skola, njoo utafute mzingo."

Chaki ilinikatikia mkononi. Nikajiambia, zunguka umbo, upande kwa upande. Pande mbili fupi, 2x. Pande mbili ndefu, 4x + 6. Jumla, 6x + 6. Nikaweka chaki chini.

"Hajamaliza!" Festo alipaza sauti kutoka nyuma. "Ni 12x!"

Darasa likacheka. Nilitamani kufuta kila kitu nikimbilie nyumbani.

Sikufuta.

"Hiyo sita haina x," nilisema. "Haijumlishwi na 6x. Na x yenyewe hatujaambiwa ni ngapi."

"Kwa hiyo?" mwalimu akauliza.

"Kwa hiyo jibu ni 6x + 6. Nimemaliza, mwalimu."

Akaweka alama ya vema. "Amemaliza. Festo, njoo na wewe ufanye linalofuata."

Nilirudi nyumbani mbiombio. Neema alikuwa anakunywa uji, joto limeshuka. Kabla sijamsimulia mama, akaniwahi: "Kesho tunachuma kahawa. Imeiva, itadondoka. Shule utaenda siku nyingine."

"Kesho tuna jaribio, mama."

Alimfuta Neema mdomo taratibu, mpaka nikadhani hakunisikia.

"Basi nenda. Mtoto nitambeba mgongoni. Ukitoka tu, uje shambani."

Nilisema asante nikatoka nje haraka, nisilie mbele yake.

Sasa najaribu kufanya mazoezi, lakini nasoma swali moja mara tatu. Mama mgongo unamsumbua. Asubuhi akiinuka kitandani namsikia anavyoguna. Ataweza kunibebea mtoto mpaka nimalize Kidato cha Nne?

Sijamuuliza. Naogopa atasema ndiyo.