Mahali Maji Yanapotulia

Jumatatu, 4 Februari 1974
Korogwe. Chai bila sukari, ofisini mapema. Hesabu za mawimbi zimefika kutoka kwenye mashine ya kukokotoa kule Dar. Ni za bwawa la kijiji cha ujamaa kule Kwamsisi: upepo ukiyasukuma maji, yatapanda ukutani kiasi gani. Mhandisi amempa Hiza azisome. Hiza! Mtoto wa juzi, kakaa ng'ambo miaka miwili tu. Kushika kijiti cha kupimia nilimfundisha mimi. Nina wivu. Naandika hivyo hivyo, hakuna anayesoma hapa.

Jumatano, 6 Februari
Hiza kasema mawe ya ukuta yafike kifuani. Mimi nikasema magotini panatosha. Kwenye birika la majaribio kule Ngombezi tulisukuma mbao ya kutengeneza mawimbi mapigo arobaini kwa dakika, na kijiti changu hakikuonyesha wimbi la maana. Kijiti tunakichomeka mahali maji yanapotulia, ndipo kinaposomeka. Ofisi nzima hufanya hivyo. Hiza akajibu kwa adabu zake zinazoniudhi: "Samahani, mzee. Wimbi likigonga ukuta linarudi, linakutana na linalokuja. Pengine yanajumlishana, pengine yanauana. Pale ulipochomeka yanauana."
Nikamwambia kuishi kwingi ni kuona mengi. Watu wakacheka. Mhandisi kanikubali mimi. Nimefurahi mno.

Ijumaa, 8 Februari
Mke wangu kamwalika Hiza chakula, eti kijana mpweke. Kasifu kisamvu mpaka basi. Alipoondoka nikasema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Mke wangu akauliza mgema ni nani, yeye au Hiza. Kesho Ngombezi. Namuumbua.

Jumamosi, 9 Februari
Baiskeli. Jua kali. Nimepaka chaki ubavu wote wa birika, nikasukuma mbao mapigo arobaini, kisha nikatazama chaki ilikooshwa. Hatua moja kutoka ukutani, pale pa kijiti changu, maji yamelamba kidogo tu. Ukutani penyewe chaki imekwenda yote hadi juu. Nikapaka tena, nikaongeza mapigo. Mahali pa utulivu pakasogea karibu na ukuta. Kila kasi ya mapigo ina mahali pake, kama ilivyo kwenye karatasi za mashine ya Dar, safu kwa safu.
Hiza yuko sahihi. Nimeketi kwenye saruji nikamchukia. Halafu nimeosha chaki yote, asije mtu akaona.

Jumapili, 10 Februari
Sikula. Chini ya ukuta wa bwawa kule Kwamsisi kuna nyumba mpya za watu waliohamishwa. Masika yanakuja. Kwa nini niliosha chaki? Naona aibu hata kuandika.

Jumatatu, 11 Februari
Nimesema mbele ya wote. Nilikosea, Hiza kasoma vizuri. Maneno machache, jasho jingi. Mhandisi kampa Hiza bwawa zima, mimi niko chini yake. Hiza akanishika mkono kwa mikono yake miwili: "Ahsante, mzee wangu." Nusura nimzabe kofi.

Alhamisi, 21 Februari
Kwamsisi. Mawe yanakaribia kifuani. Hiza kaitwa Dar, nasimamia mimi. Akina mama wanabeba mawe kichwani tangu alfajiri, wamechoka. Mmoja akauliza ni mwendawazimu gani aliyeagiza mawe mengi hivi. Nikasema ni mimi. Wamenisema kwa Kizigua hadi adhuhuri, na sikumtaja Hiza. Hata matusi sikutaka apate yeye. Baadaye nikavua shati, nikabeba nao mpaka safu ya mwisho.