Ejo, Saa Tatu

Kanyosha, Bujumbura
3 Machi 2025

Baba mpendwa,

Salamu nyingi kutoka kwetu. Mgongo unaendeleaje? Na dawa ya presha, unaikumbuka? Sisi ni wazima wa mwili, ila moyo wangu hautulii.

Mjukuu wako Bella amepimwa. Daktari anasema si utundu: ana tatizo la umakini, kichwa chake hakishiki jambo moja kikalimaliza. Shule imenipa hadi Pasaka. Asipobadilika, nimtafutie kwingine. Kuna mafunzo ya wazazi huku Mutanga Sud, kila Jumanne saa tatu. Tunafundishwa kumpa mtoto agizo moja tu, kungoja, kumsifu pale pale, na kuandika yote kwenye karatasi. Niombee.

Binti yako,
Amélie

Rumonge
8 Machi 2025

Mwanangu Amélie,

Nimepokea barua yako kwa mkono wa Uthmani, muuza mawese. Mgongo upo, haujaenda popote.

Nimefundisha darasani miaka thelathini na mmoja, sijaona mtoto aliyenyooka kwa kusifiwa. Samaki mkunje angali mbichi. Siku hizi wazazi ndio wanaoketi kwenye benchi, na watoto wanawacheka. Haya, endelea na benchi lako. Ila Jumamosi, tarehe 5 Aprili, nitakuja. Nisipoona mabadiliko, narudi Rumonge na Bella. Mtayarishie mkoba.

Baba yako

Kanyosha
20 Machi 2025

Baba,

Natumaini u mzima. Mimi nasema sijambo kwa adabu tu.

Nimekosa mafunzo mara mbili. Nilibandika karatasi mlangoni: "Ejo, saa tatu, mafunzo." Unaijua ejo yetu ya Kirundi, ni jana, ni kesho. Kila asubuhi niliisoma nikapumua, kwamba ni kesho. Jumanne mbili zimepita hivyo. Nikikosa mara ya tatu, nafasi yangu anapewa mwingine.

Na nyumbani nimeharibu. Juzi nilimwagiza Bella maji, sabuni, viatu na daftari kwa pumzi moja, akarudi na kijiko. Nikampiga. Karatasi ya kuandika sifa zake sijui iko wapi.

Mwalimu wetu wa mafunzo, Jovithe, alikuja hadi hapa. Alinisomea tarakimu tano, nizirudishe kinyumenyume. Nilifika mbili. Akasema: "Mi sikugombezi, mama Bella. Haya mafunzo tuliyapangia muzazi mwenye anakumbuka. Mwenye kichwa kinashika, mutoto wake anabadilika mbio. Yako tutayakata vipande vipande."

Kumbe kichwa hiki Bella amekirithi kwangu. Baba, nijibu hili moja: nami nilikuwa hivi?

Binti yako,
Amélie

Kanyosha
2 Aprili 2025

Baba,

Hujambo? Siku kumi na tatu bila jibu. Uthmani amekuja mara mbili na mawese, barua hana. Nauelewa ukimya wako: umeshakata shauri.

Basi sikia. Jumanne iliyopita Jovithe alinifuata, lakini jana nilifika mwenyewe kabla ya saa tatu. Bella ndiye aliyesimama mbele ya mlango akasema, "Mama, hii ejo iko ejo kila siku." Akaikata, akaandika Jumanne kwa Kifaransa, MARDI, kwa kalamu nyekundu. Nilimsifu pale pale, na ilikuwa mara yangu ya kwanza kukumbuka kusifu. Sasa namwagiza kitu kimoja, naye ananikumbusha kimoja. Wiki hii shule haijaniita.

Naogopa Jumamosi, Baba. Mkoba sijautayarisha, na safari hii sikusahau.

Amélie

Rumonge
4 Aprili 2025

Mwanangu,

Salamu kwako na kwa Bella. Mgongo una nafuu. Dawa ya presha naisahau, ulikisia vema.

Barua yako ya tarehe 20 Machi niliijibu siku ile ile niliyoipata. Nilikuandikia kurasa mbili kali juu ya mzazi anayesahau. Leo nimevaa koti niende kwa Uthmani, nikaikuta mfukoni, sijaituma. Nimekaa kitandani nikaisoma, nikaona haya.

Uliuliza. Ndiyo, ulikuwa hivyo. Madaftari yako ya darasa la nne ninayo bado. Karibu kila ukurasa nimeandika kwa wino mwekundu "Hasikii", kisha nikakuchapa. Na mimi mwenyewe madaftari ya wanafunzi niliyaacha nyumbani kila wiki. Marehemu mama yako aliniletea chini ya kitenge, mwalimu mkuu asione. Yeye hakunichapa. Nisamehe, Amélie.

Jumamosi nakuja na mkoba mmoja, wangu. Nitakaa hadi Jumanne, twende kwenye benchi pamoja. Mwambie Bella anibandikie karatasi mlangoni, na asiandike ejo.

Baba yako