Kibao Namba Thelathini na Moja

Las Palomitas,
Bonde la Tularosa,
New Mexico.
Jumapili, 12 Oktoba 1958.

Mpendwa mdogo wangu Anselmo,

Pokea salamu zangu na za shemeji yako Eduvigen. Hamjambo huko Fresno? Ule mguu wa Ramoncita umepona? Na watoto je, bado wanaikumbuka sura ya baba yao mkubwa, au nimeshakuwa picha ya ukutani tu? Sisi huku tu wazima. Mimi goti la kushoto linanisumbua asubuhi, na Eduvigen anakohoa kwa moshi wa pilipili. Mwaka huu tumechoma magunia sita, na nyumba nzima inanuka hadi kwenye mashuka.

Najua umeshangaa kuona mwandiko wangu. Tangu ile simu ya maandishi ya msiba wa Mama sijakuandikia hata mstari. Naona kabisa unavyomwambia Ramoncita, "Fermín ameishiwa tumbaku ndipo akanikumbuka." Hapana, tumbaku ninayo. Ninakuomba kitu kimoja: soma barua hii ukiwa umeketi, na uisome mpaka chini kabisa, hata ukikasirika katikati. Utakasirika.

Kijijini hakuna jipya kubwa. Kisima cha kanisa kimechimbwa upya. Mti wa aprikoti wa Mama, ule wa matunda madogo ya njano uliokuwa ukiukwea ukiwa mdogo, ulipigwa na baridi ya Machi, ila haukufa.

Kazini, reli yetu ya majaribio ya kigari cha roketi imerefushwa mara mbili tangu uondoke. Mtu hapandishwi tena kigarini. Wanafunga midoli ya mpira yenye uzito wa mtu, na midoli hailalamiki. Lakini kazi yetu ni ileile. Bado tunatembea reli kabla kigari hakijafyatuliwa, kiganja kitupu juu ya chuma, toka mwanzo hadi mwisho, tukitafuta mjusi, kokoto, hata tone la rangi lililokauka. Bado tunajaza maji kwenye mfereji wa katikati na kupanga vibao vya kuyazuia, vifupi kwanza, virefu mwisho, ili kigari kikija na moto wake wa roketi kikutane na maji kidogo, kisha mengi, kisimame bila kumvunja aliyemo. Na bado aliyetembea mwisho ndiye anayetia sahihi kitabuni. Baada ya sahihi hiyo hakuna mkono unaogusa kitu. Ukigusa hata kibao kimoja, unarudi mwanzo, unatembea upya reli yote, unatia sahihi yako wewe.

Mwezi wa nane waliniletea fundi mpya, Odell, mtu wa Texas, mtu mzima mwenye wajukuu. Siku ya tatu akanijia na kibao mkononi.

"Mzee Fermín, hawa wenzangu wananiambia niangalie nisije nikafanya anselmo. Anselmo ndiyo nini? Ni kifaa?"

Wenzake wakaangua kicheko. "Anselmo ni kibao kilichokaa pasipo pake, wewe! Ukikifanya, mtu anapofuka."

Wengi wao ni wapya, na tunaitana majina ya kwanza, kwa hiyo hawakujua ni jina la nani. Lakini mimi nilijua. Neno hilo nimelisikia miaka minne, Anselmo. Nimelisikia wakati wa kazi, nimelisikia wakati wa chakula, na siku nyingine, Mungu anisamehe, nimecheka nao ili nisiulizwe kwa nini sicheki. Siku ile sikuweza. Nilimwambia Odell, "Ni jina la mtu. Ni mdogo wangu, tumbo moja." Nikaenda nyuma ya tangi la maji nikalia kama mtoto, mimi na mvi zangu hizi.

Sasa nikwambie ninachotaka kukwambia.

Jumanne ile ya Aprili 1953 wewe ulitembea reli. Ulipanga vibao vyote, ukajaza maji, ukapima kila chumba cha maji kwa rula yako, ukarudi kibandani kutia sahihi. Mimi msimamizi wako niliangalia, na sikuona kosa. Halikuwepo. Sajini Wendell Hauck alishafungwa kwenye kiti cha kigari: mikanda kifuani, mikanda mapajani, mikono imefungwa, ile kofia nzito kichwani. Ndipo upepo ukaja. Unakumbuka tulivyosubiri, jua likapanda, vumbi likafunika kibanda chenu hata msiweze kuona reli. Mimi nilikuwa huku nje karibu na kigari, na Wendell alikuwa akinipigia kelele.

"Fermín! Mnanipeleka au mnanikaanga? Kama ni kukaanga, leteni na kitunguu basi!"

Upepo ulipotulia kidogo nikaona kichaka kikavu, kile kinachobiringika jangwani, kimenasa kwenye mfereji kule chini. Nikachukua gari nikaenda kukitoa. Kilikuwa kimevunja kibao cha nafasi ya kumi na tisa, na maji ya chumba kile yanavuja.

Wewe unajua sheria, na mimi ndiye niliyekufundisha. Ilitakiwa nipeperushe bendera nyekundu, Wendell afunguliwe, kitabu kifutwe, reli itembewe upya. Saa nzima na zaidi. Nikamfikiria mtu yule kwenye jua, nikafikiria na miguu yangu. Nyuma ya gari kulikuwa na kibao kimoja tu cha akiba, namba thelathini na moja, cha kule mwisho kwenye maji marefu. Nikakichomeka pale. Nikachota maji kwa ndoo mpaka yakafika ukingoni. Kibao kilizidi wenzake kwa vidole vinne. Niliona. Sitaki kukudanganya tena: niliona kwa macho yangu. Nikajiambia maji ni maji tu, yatamlowesha zaidi, basi. Kisha nikarudi na kuwainulia mkono kwamba njia ni safi, na king'ora kikalia.

Yaliyofuata uliyaona. Kigari kilipofika pale kiligonga maji kama ukuta. Wendell alitolewa akiwa hai, lakini damu ilikuwa imejaa machoni. La kushoto halikurudi. La kulia anaona vivuli na herufi kubwa.

Walipokuita kwenye baraza la uchunguzi nilikaa kiti cha pili nyuma yako. Wakakuuliza, "Kibao namba thelathini na moja kilifikaje kwenye nafasi ya kumi na tisa?" Ukasema, "Sikumbuki kukiweka. Lakini sahihi ni yangu." Hukumtupia mtu lawama. Mimi nilikuwa na jibu mdomoni, nikalimeza. Nilijidanganya kwamba watakukaripia tu, yaishe. Walipokufukuza nikasema nitaongea wiki ijayo. Wiki ijayo ikawa miaka mitano. Nilikuwa na watoto wanne nyumbani, ndiyo, lakini na wewe ulikuwa na watoto. Sina cha kujitetea nacho. Nilikuwa mwoga.

Na Mama. Haya ndiyo yanayonikaba kuliko yote. Aliugua siku kumi na moja, na kila asubuhi aliniuliza, "Anselmo hajafika?" Nikamwambia njia ni mbali. Nilijua kwa nini hukuja. Ulikuwa unaogopa macho ya watu wa Las Palomitas, na macho yale niliyaelekeza kwako mimi. Alikufa akiamini umempofusha mtu kwa uzembe. Alikuombea, hakukulaani hata siku moja, lakini alikufa akiamini hivyo, na ilikuwa ndani ya uwezo wangu kumwambia neno moja afe kwa amani. Naona aibu, ndugu yangu. Naona aibu hata kuliandika jina lake hapa.

Baada ya ile siku ya Odell nilipoteza usingizi na hamu ya kula. Eduvigen akaniuliza nina nini, nikamwambia. Alikuwa anakanda unga. Hakuniangalia. Akasema tu, "Basi usinitume mimi. Nenda mwenyewe."

Nikaenda kwa mkuu wetu, Bwana Tillotson. Alifunga mlango. "Archuleta, umebakiza miaka miwili ustaafu. Unajua unachokifanya?" Nikamwambia najua. "Hakuna anayekuuliza, bwana! Mambo haya yameshalala." Nikamjibu, "Huko Fresno hayajalala." Akaagiza kitabu cha mwaka ule kiletwe kutoka stoo. Chini ya sahihi yako niliandika kwa wino niliyoyafanya, mstari kwa mstari, nikatia jina langu. Nakala ya ukurasa huo, yenye mhuri, iko ndani ya bahasha hii. Mimi wamenipa mpaka Ijumaa nirudishe funguo, na wamenitendea haki.

Jana nilipanda basi kwenda El Paso kumwona Wendell. Anatengeneza redio nyumbani kwake kwa kupapasa. Aliposikia sauti yangu akafurahi. "Fermín wa maji! Ingia, kaa! Maxine, mtilie mgeni kahawa!" Sikukaa. Nilimweleza yote nikiwa nimesimama, kofia mkononi, na yeye alishika bisibisi bila kuizungusha.

Nilipomaliza akauliza, "Uliona kwamba ni kirefu?"

"Niliona."

"Ukanyamaza kwa sababu nilikuwa nalalamika joto?"

"Kwa sababu hiyo. Na kwa uvivu wa kutembea upya."

"Toka nje," akasema.

Nikatoka, nikakaa kwenye ngazi za mlangoni. Kuondoka nilishindwa na kubisha hodi nilishindwa. Dirisha lilikuwa wazi. Nikamsikia mkewe akimwambia, "Wendell, kuna kitu nilikuficha." Kumbe kila Krismasi ulikuwa unamwandikia, Anselmo. Hukuniambia. Na kila Krismasi Wendell alikuwa akisema choma, sitaki kusikia kitu cha mtu yule, na Maxine alikuwa akiziweka kwenye boksi la viatu, hazijafunguliwa. Barua tano. Akazifungua moja moja akamsomea, nami nikasikia maneno yako kutoka mle ndani. Nilisikia ulivyomwambia kwamba hadi leo unapima maji ya karai kwa vidole kabla ya kumwogesha mtoto. Nilisikia ulivyosema hujui ulikosea wapi, umelipanga upya asubuhi ile kichwani mara elfu na hupaoni, na kwamba kutopaona ndiko kunakokutisha zaidi. Niliziba masikio, kisha nikaona hata hilo sina haki nalo, nikayazibua.

Maxine alipomaliza kusoma, Wendell aliniita ndani. Macho yalikuwa mekundu.

"Wewe sijakusamehe, Fermín. Na usinisumbue na hilo."

"Sikuombi."

"Una anwani yake?"

"Ninayo."

"Basi lete karatasi."

Nilikuwa nimebeba karatasi hizi nikuandikie kwenye basi, nikampa ya mwisho. Aliandika yeye kwanza, chini kabisa, pua imegusa meza, Maxine akimshikia taa karibu ingawa ilikuwa mchana. Ilimchukua muda. Mimi nimejaza kurasa nyingine na sehemu ya juu ya hii, na sikugusa kitu cha kwake.

Huku kijijini nimeomba padri anipe nafasi baada ya misa ya leo, nami nikasema mbele ya watu wote. Mzee Porfirio, aliyekataa kukupa mkono siku uliyoondoka, amelia. Bibi Zenaida kanitemea mate karibu na kiatu, na alikuwa na haki. Kwa hiyo ukitaka kuja kwenye kaburi la Mama, njoo kichwa juu. Hapa hakuna tena wa kukuangalia vibaya. Kama hutaki kuniona mimi, andika siku tu, nami nitakwenda kwa mwanangu Refugio huko Socorro mpaka utakapoondoka. Nyumba ni ya Mama, na chumba chako Eduvigen amekwisha kukifagia.

Usijilazimishe kunijibu. Usijilazimishe kunisamehe pia. Umeshabeba vya kwangu vya kutosha.

Nisalimie Ramoncita, na umwambie yeye kwanza kabla ya mtu mwingine, maana amekuwa mke wa mtu aliyelaumiwa bure. Nisalimie Baudelia na Tranquilino, na huyo mdogo nisiyemjua uso. Eduvigen, Refugio, na Mzee Porfirio wote wanakusalimu. Mungu awalinde nyumbani kwenu, akupe usingizi ule niliokunyang'anya.

Ni mimi kaka yako, ninayekupenda na niliyekukosea,

Fermín

ANSELMO
BARUA ZAKO TANO NIMESOMEWA LEO.
HUKUNIKOSEA KITU.
KRISMASI HII USINIOMBE RADHI.
NIPE HABARI ZA WATOTO.
WENDELL