Namba Inayofuata Yangu

Kaka yangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka kwangu na kwa Mama. Wewe, wifi na watoto hamjambo? Sisi tunajikongoja. Mama bado anakwenda kusafishwa damu, na akirudi hujitupa kitandani na viatu vyake. Usinicheke kwa kukuandikia kwenye karatasi; simu siiamini tena.

Yalianza na jirani yetu mshona nguo. Alinisimamisha mlangoni akanipa pole ya sukari. Sukari! Hilo jibu lililonizuia nisimpe Mama figo tulilijua mimi na daktari tu. Hata wewe nilikwambia sifai, basi. Nikasema huyu ni wifi, si ndiye aliyetusindikiza kupima? Bila shaka alichungulia. Kikulacho ki nguoni mwako. Nikanuna, nikaacha kupokea simu zake.

Mwishowe nikambana mshona nguo. Akaapa hakuambiwa na mtu. Alikuwa anatafuta majibu yake kwenye mfumo wa hospitali, akakosea tarakimu moja ya namba ya faili, likafunguka langu. Nikaona ananifanya mtoto. Nikaingia kwa neno langu la siri, nami nikabadilisha tarakimu ya mwisho. Lahaula! Mfumo unakuuliza wewe nani pale mlangoni tu. Ukishaingia, vyumba vyote viko wazi. Nilipowapigia hospitali, fundi wao wa kompyuta akasema haiwezekani, labda nimeota.

Niombee radhi kwa wifi. Nimemwonea bure.

Sasa, kaka, nisikufiche. Siku ile tulijiandikisha pamoja: Mama, mimi, kisha wewe. Namba niliyoijaribu ni inayofuata yangu. Ulituambia figo yako haikufaa. Faili linasema inafaa, ila mwenyewe umejitoa. Nililia, nikakutukana peke yangu jikoni. Najua una watoto wadogo, na woga ni woga. Lakini ungesema, kaka.

Nikajiapiza Mama asijue kamwe. Jana nikashika simu yake nimsomee tarehe ya kliniki, nikakuta faili lililofunguliwa kwenye mfumo wa hospitali ni lako. Akaninyang'anya taratibu. Akasema anajua tangu ulipomletea blanketi ukaangua kilio, naye akajifanya haelewi unalilia nini. Amenikataza kukusumbua, eti tangu utotoni unaogopa sindano.

Wasalimie wanangu. Mama naye anakusalimu, na amenituma nikwambie blanketi lina joto.

Mdogo wako,
Kitindamimba