Jina Lililobaki Kwenye Kompyuta ya Ndani

Jumatatu, 5 Januari 2009
Mvua tangu alfajiri. Somoe kaja kuchukua dawa ya mama yake kwenye friji langu, kama kila siku. Insulini inakaa kati ya nyanya na maziwa. Somoe ni mwalimu hapa Rahaleo, tumepakana ukuta. Hana friji. Nilipohamia kutoka Iringa yeye ndiye aliyenipokea.
Ofisini kwetu, idara ya elimu, balaa. Programu ya orodha ya walimu ni ya zamani, imeikataa kompyuta mpya. Fundi kaweka kompyuta ya zamani ndani ya hiyo mpya. Dirisha ndani ya dirisha. Barua naandika kwenye ya nje, orodha iko kwenye ya ndani. Ukikopi nje, ndani haipesti. Naprinti majina, kisha nayachapa upya kutoka kwenye karatasi. Miaka tisa ya uhazili, leo nimerudi darasani kufanya imla.

Jumatano, 7 Januari
Fundi karudi. Kafunga kitu, kazima, kawasha. Sasa nakopi nje, napesti ndani. Nilicheka peke yangu. Kanionya kwamba maneno yanavuka taratibu, nitazame kabla ya kuhifadhi. Nikaitikia. Kuitikia hakuna gharama.

Alhamisi, 8 Januari
Orodha ya uhamisho ilitakiwa leo. Kabla ya kuianza nilimwandikia Somoe barua ya kuomba asihamishwe, kwa sababu ya mama yake. Nilikopi jina lake na namba ya faili kwenye kompyuta ya ndani, nikaviweka kwenye barua. Kisha orodha. Kopi, pesti, kopi, pesti. Bosi mlangoni, dereva anapiga honi. Nilimaliza kabla ya saa sita. Bosi akasaini bila kusoma, muhuri ukagongwa. Nimejisifu mpaka jioni.

Ijumaa, 16 Januari
Somoe kahamishwa. Shule ya kijijini, mbele ya Madimba, karibu na mdomo wa Ruvuma. Umeme hakuna. Jumatatu, 2 Februari, awe ameripoti. Alikuja na barua mkononi. Anauliza nani anamchukia.
Nilikwenda ofisini kufungua orodha. Mstari wa kwanza ulikuwa wa Mwalimu Hamisi. Mseja, hana mgonjwa. Nilikopi jina lake nje, nikapesti ndani kabla halijavuka. Likatoka lililobaki ndani tangu ile barua. La Somoe, na namba yake ya faili.
Ni mimi. Hakuna mchawi mwingine.

Jumatatu, 19 Januari
Nimemwambia bosi. Alifunga mlango. Barua yenye muhuri hairudi nyuma, kasema. Akiibadilisha ataulizwa alisaini nini. Somoe aripoti kwanza, akate rufaa akiwa huko huko. Ndio utaratibu wetu: hata ukionewa, nenda kwanza, lalamika baadaye. Rufaa huchukua mwaka, nazifungua mimi, najua. Mama wa watu hana mwaka wa kusubiri, na bila friji dawa inaharibika.
Kisha akanikumbusha, kwa upole kabisa, kwamba mkataba wangu unaisha Juni.
Nikanyamaza. Naandika hapa ili nisije nikajidanganya: nilinyamaza kwa ajili ya kazi.

Alhamisi, 22 Januari
Mwalimu Hamisi kaja ofisini na korosho za kwao Mpapura, zimeshabanguliwa. Kasikia jina lake lilikuwa la kuhama. Anaamini nimemtoa mimi. Nilikataa. Akaziacha mezani, akaenda zake anatabasamu. Wenzangu wakazila, wakanitania kwamba siku hizi mimi ndiye mkubwa wa ofisi. Nilikwenda chooni nikalia.

Jumamosi, 24 Januari
Somoe kaniomba nimchapie rufaa, kwa kuwa mimi ndiye ninayejua maneno ya ofisi. Ataipeleka akisharipoti. Nimechapa herufi kwa herufi, sikukopi hata nukta. Penye sababu ya uhamisho akaniambia niandike haijulikani. Nikaandika. Alikaa pembeni yangu, ananipepea na kanga kwa sababu ya joto.
Najichukia. Sijui niseme vinginevyo vipi.
Nesi wa kliniki kawaambia Somoe na mama yake dawa iwekwe kwenye mtungi wenye maji, ufukiwe mchangani kivulini. Alipoulizwa itadumu muda gani, alimwita mgonjwa anayefuata.

Jumatano, 28 Januari
Sili. Mama yake Somoe kanipikia uji wa muhogo, anadhani nina malaria. Nimekunywa wote mbele yake.

Jumamosi, 31 Januari
Gari la mizigo lilifika saa mbili asubuhi. Mama yake akakalishwa mbele, karibu na dereva. Nilimfuata Somoe ndani. Chumba kimebaki godoro tu. Nikamwambia yote: jina, kompyuta, bosi, mkataba, korosho. Sikumwomba msamaha.
Alikuwa anakunja godoro. Aliendelea kukunja. Hakupiga kelele, na mimi nilikuwa nazingoja hizo kelele kwa wiki mbili. Akauliza nani mwingine anajua. Nikasema bosi tu.
"Basi mama asijue," alisema. "Kila swala anakuombea."
Kisha akanipa upande wa pili wa kamba, nishike, yeye akaze fundo.