Splitpini Ndani ya Injini Ndogo

KITUO CHA POLISI, MALABA
MAELEZO YA SHAHIDI (mara ya pili)

Jina: Elly Onyuka
Umri: Miaka 34
Kazi: Msaidizi wa fundi wa magari
Makazi: Malaba, nyuma ya soko. Nyumbani ni Rukala, Budalang'i
Tarehe na saa: Jumatatu, 25 Machi 1996, saa tatu na dakika kumi asubuhi
Lugha: Kiswahili

Mimi ndiye niliyetajwa hapo juu. Nimekuja kituoni mwenyewe bila kuitwa. Mnamo tarehe 13 mwezi huu niliandikisha maelezo hapa hapa, nikasema kwamba lori la dereva Omagor lilipokuwa likitengenezwa mimi sikulikaribia. Huo ulikuwa uongo. Naomba haya ya leo ndiyo yafuatwe, ingawa najua yale ya kwanza hayafutiki.

Nafanya kazi katika gereji iliyo kando ya barabara ya kwenda mpakani. Fundi wangu ni Protus Mukhwana, mtu wa Bukhayo, ambaye yuko seli za kituo hiki kwa sababu ya ajali ya lori hilo. Nimekuwa chini yake miaka tisa. Katika miaka hiyo wateja wamemwita yeye fundi, na mimi wameniita "kijana wa Protus". Nina watoto wanne.

Afisa ameniambia nifupishe habari za injini ndogo. Siwezi kuzifupisha sana, kwa sababu mambo yote yalianzia huko. Kwa miaka miwili nimekuwa nikijenga gereji ndogo juu ya ubao, upana wake kama meza ya kulia. Kuta ni za bati la mikebe ya mafuta ya kupikia. Ndani kuna benchi, jeki, mnyororo wa kuinulia injini, na sipana kumi na mbili zilizopangwa ukutani kwa ukubwa, kama tunavyozipanga sisi. Kila kitu kimepimwa, inchi kumi za kweli ni inchi moja kwangu. Wilkister, mke wa Protus, ni fundi cherehani, na ndiye aliyenishonea ovaroli ya bluu inayoning'inia mlangoni, ndefu kama kalamu. Protus mwenyewe alikuwa akiniletea vipande vya shaba na kuniambia, "Hii ukimaliza tunapeleka kwa maonyesho, na mimi nitabeba ubao."

Kuna injini tatu. Ya pikapu na ya trekta ni za kutazamwa tu. Ya tatu ni injini ya mashine ya kusaga mahindi, yenye pistoni moja, na hiyo niliitaka izunguke kweli. Ilinishinda krenki, yaani kile chuma kilichopindwa katikati ambacho kikizunguka kinapandisha pistoni na kuishusha. Spoki ya baiskeli nikiikunja inavunjika. Waya wa kufungia ni laini mno, na msumari ni mfupi. Nilihangaika nayo tangu Krismasi. Nilikuwa nimefika mahali pa kuona kwamba nikiipata krenki hiyo watu watajua mimi pia ni fundi. Naona aibu kulisema hilo mbele ya polisi, lakini ndivyo nilivyokuwa.

Jumanne tarehe 12 Machi, saa nne asubuhi, Omagor alileta lori lake likiwa limejaa magunia ya wimbi kutoka upande wa Uganda. Alisema usukani unacheza. Omagor ni mtu tunayemfahamu, hupita kwetu karibu kila wiki, na huniletea habari za nyumbani akipitia Budalang'i. Alisema, "Boss, nisaidieni haraka, wimbi ya watu inangojewa Busia." Protus aliingia chini ya lori akabadilisha kichwa cha tairod, ile fimbo inayounganisha magurudumu ya mbele na usukani.

Saa sita na nusu alikuwa amekaza nati. Alitoka chini akanipa splitpini mpya, ya mwisho kwenye mkebe. Splitpini ni pini yenye miguu miwili. Hupitishwa kwenye nati na kukunjwa ili nati isijifungue. Aliniambia, "Elly, pitisha hii ukunje. Mimi naenda kuangalia bolti za nyuma."

Hapa afisa amenikatiza. Amenionya kwamba kuanzia sasa ninayoyasema yanaweza kutumiwa kunishtaki, na kwamba silazimiki kuendelea. Nimeelewa na ninaendelea.

Niliingia chini ya lori na pini mkononi, na nikaitazama. Ilikuwa nyoofu, nene vizuri, ya chuma kinachokubali kukunjwa bila kuvunjika. Kile kichwa chake cha mviringo kingekuwa mahali pa kushikia hendeli. Sikuwahi kuona kitu kilichofaa kama kile. Nikaamua kuitia mfukoni na kwenye nati niweke waya, halafu splitpini nyingine zikinunuliwa nibadilishe Omagor akirudi. Ningemwomba Protus pini kama hiyo kesho yake angenipa bila kuuliza. Sijui kwa nini sikungoja. Nimejiuliza hilo siku kumi na tatu.

Nilienda kwenye benchi kuchukua waya. Injini yangu ilikuwa hapo, chini ya kitambaa. Nikasema nijaribu tu kama pini itaingia. Ikaingia. Nikaibana kwenye jiriwa, nikaanza kuikunja katikati, na nilipoona inakubali nikasahau nimetumwa nini. Nadhani ni dakika kumi hivi. Kisha nikamsikia Protus akiuliza kutoka upande wa pili wa lori, "Elly, kule mbele tayari?"

Nikasema, "Tayari, mzee."

Nilidhani nitawahi kukimbia na waya. Omagor akawasha lori papo hapo. Ningeweza kupiga kelele, ningeweza hata kusimama mbele yake. Nilisimama mlangoni na koleo mkononi nikampungia. Nilijiambia kwamba nati iliyokazwa na Protus haifunguki hovyo.

Saa nane na robo lori liliacha barabara karibu na Alupe likaingia mtaroni. Tairod ilikuwa imechomoka na nati haikuonekana. Tulipata habari saa kumi. Omagor alibanwa mguu wa kulia, na tarehe 14 ulikatwa chini ya goti. Ana umri wangu.

Tarehe 13 Protus aliletwa hapa akasema alinipa mimi pini. Niliitwa. Nikasema mbele yake kwamba hakunipa, kwamba nilikuwa kwenye benchi na kazi zangu. Nilikuwa nimejiandaa kwa ugomvi. Hakugomba. Aliniangalia akauliza, "Elly, sikukupa?" Nikamjibu, "Hukunipa, mzee." Akamwambia afisa, "Basi kama Elly anasema sikumpa, labda sikumpa. Labda pini ninayokumbuka kumpa ni ya ile gari tuliyotengeneza Jumatatu." Aliniamini mimi kuliko kichwa chake mwenyewe.

Linalofuata ni gumu zaidi kulisema. Jioni hiyo nilirudi gereji nikamaliza injini. Nilifunga gurudumu lake kwa risasi ya kulehemia, nikapaka mafuta ya cherehani, nikazungusha. Pistoni ikapanda ikashuka. Nikafurahi. Furaha hiyo ndiyo inayonitia aibu kuliko kitu chochote.

Jumamosi tarehe 23, saa tisa alasiri, Wilkister alikuja kwangu. Sikutaka kumfungulia, lakini mtoto wangu alishamfungulia. Alikuwa anatoka kumpelekea mumewe chakula. Alisema Protus hali vizuri. Alisema ameanza kusema kwamba kichwa chake kinaharibika kama cha marehemu mama yake, ambaye mwishoni alikuwa akisahau hata majina ya watoto. Alisema, "Anasema hatashika sipana tena, hata wakimwachilia. Anasema ataua mtu." Kesi itatajwa Alhamisi tarehe 28, na Protus amemwambia atakubali makosa, kwa sababu mtu asiyekumbuka hawezi kubisha.

Kisha aliiona gereji ndogo mezani, na ndani yake ile injini niliyokuwa nimeileta nyumbani. Aliigusa ovaroli aliyoishona. Akaweka kidole kwenye gurudumu la injini akalizungusha taratibu, akatazama pistoni ikipanda na kushuka, mara nyingi. Nilikuwa nimesimama nyuma yake. Akasema, "Angalau wewe yako imetokea vizuri, shemeji. Nitamwambia. Atafurahi."

Alipoondoka sikula, na jana sikuenda kanisani. Leo asubuhi nimebeba ubao wote nikaja nao.

Protus hasahau kitu. Alinipa pini saa sita na nusu, mkono kwa mkono, na maneno aliyoyasema ndiyo hayo niliyoyataja. Siombi ihesabiwe kuwa bahati mbaya. Ninaloomba ni Protus aambiwe leo, kabla ya chakula cha mchana, asikae na wazo lile hata saa moja zaidi. Na Omagor aambiwe ni mimi. Hilo nitamwambia mwenyewe nikiruhusiwa.

Hapo ndipo yanapoishia niliyo nayo. Nimesomewa yote kwa Kiswahili, nimeyakubali, na sikulazimishwa na mtu.

Sahihi: E. Onyuka

MAELEZO YA AFISA

Maelezo haya yameandikwa nami, Koplo J. Aluka. Shahidi alipewa onyo kama ilivyoonyeshwa, na sasa anazuiliwa akisubiri maelekezo. Nimepokea kama kielelezo ubao mmoja wenye gereji ndogo na injini tatu. Splitpini haikuweza kutolewa bila kuvunja injini ya tatu. Nilimwambia Bw. Onyuka kwamba inaweza kubaki ndani yake hadi mahakamani. Alikataa. Aliomba koleo, akaivunja injini mwenyewe juu ya meza yangu, na kunikabidhi pini.

Saa tano na dakika ishirini nilimpelekea pini hiyo Bw. Protus Mukhwana katika seli na kumweleza ilikopatikana. Aliishika, akaigeuza, akaipima kwa kidole gumba. Nilimuuliza kama ana la kusema niandike. Alisema, "Kwa hivyo nilimpa." Alilirudia hilo mara mbili, kisha akakaa chini akalia.

Sahihi: J. Aluka, Koplo