Kasha Lenye Mlango wa Majivu

Mama Baraka wangu,

Shangazi anakusalimia kutoka hapa Mkuyuni. Mvua inanyesha, na sato nakula mpaka naona aibu.

Lile kasha dogo la kompyuta ya kupozwa kwa maji, lililonifanya niivamie meza yako ya cherehani, limekamilika! Mchoro nilimpa jirani wa shangazi anayetengeneza majiko ya mkaa. Vipimo kavipatia: pampu, mipira na rejeta vimeingia bila kusukumwa. Ila kwa mazoea yake kaweka mlango wa majivu chini na mafiga matatu juu. Nilipofoka, akanitazama kwa huruma: "Sasa bosi, sufuria ungeweka wapi?"

Jana nimeiwasha kompyuta. Maji yanazunguka, hakuna tone lililovuja, hewa ya moto inatokea juu kama nilivyopanga. Nikaenda kunawa mikono tu. Kurudi, nakuta shangazi kabandika birika.

"Jiko zuri, baba," akaniambia, "ila moto wake mdogo."

Nakupenda, mbusu Baraka. Meza yako chukua, hili litakaa jikoni na wenzake.

Baba Baraka